Kwenda Ngazija na watoto: mwongozo kamili wa likizo kwenye kisiwa cha volkano

Siku ya pili tuko Ngazija, mwanangu wa kati, ana miaka 9, akamuuliza mama mwenye nyumba tuliyofikia, "Shangazi, mto wenu uko wapi?" Yule mama, Kiswahili chake alikipata Unguja utotoni, akamshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, akafunua mfuniko wa bati kwenye birika, akashusha ndoo kwa kamba, tukaisikia inapiga maji chini huko gizani, pwaa, akavuta akamchotea kwenye kata akamwambia huu ndo mto wetu, unatoka juu.

Naanza na hilo birika, yaani tangi la kuhifadhia maji ya mvua, kwa sababu ndo siri ya safari nzima. Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, kimetoka chote baharini kwa moto, mawe yake yana matundu kama sponji, mvua inanyesha nyingi tu hasa upande wa magharibi wa mlima lakini inazama yote, hamna mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Watu wengi wanaishi kwa maji ya mvua waliyovuna. Kwahiyo ukipanga likizo yako kama unavyopanga Zanzibar, yaani hoteli, bichi, ziara zako mbili tatu, utachoka na watoto watachoka. Panga kwa vitu vitatu: maji, jua, na miguu ya mtoto mdogo kuliko wote. Vingine vinakaa vyenyewe.

Sisi tulikuwa sita, mimi, baba watoto, mama mkwe wangu, na watoto wa miaka 14, 9 na 5. Tulikaa siku 8.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Majira ni yale yale tunayoyajua pwani, na majina yenyewe ni hayo hayo, kusi na kashkazi. Novemba mpaka Aprili ni joto na mvua na ndo msimu wa vimbunga, kimbunga Kenneth kilipita hapo Aprili 2019, mimi na mtoto mdogo siendi miezi hiyo. Mei mpaka Oktoba ni pakavu na hewa nzuri.

Ila sio miezi yote ya kiangazi iko sawa. Julai na Agosti Wangazija wanaoishi Ufaransa, hasa Marseille, wanarudi nyumbani kwa ajili ya harusi kubwa, ile wanayoiita anda, ambayo mwanaume asipoifanya anabaki kuhesabiwa kijana hata akiwa na mvi. Ni jambo zuri sana kuliona, ngoma, dhahabu, misafara barabarani, lakini ndege zinajaa, magari ya kukodi yanaisha na vyumba vinapanda. Kama una mwenyeji wa kuwapeleka harusini nendeni miezi hiyo, mkate tiketi mapema sana. Kama hamna mwenyeji nendeni Juni shule zikifunga, sisi ndo tulivyofanya na hatukujuta. Angalia pia Ramadhani imeangukia wapi, mchana migahawa mingi inafunga na mtoto wa miaka 5 hafungi.

Hatua ya pili: makaratasi, hela, na vidude vya umeme

Toka Dar ndege ya moja kwa moja ni saa moja na ushee, saa za kule ni sawa na zetu kwahiyo watoto hawasumbuki usingizi. Unatua Hahaya, kama kilomita 20 kaskazini ya Moroni. Viza mnapewa hapo hapo uwanjani, ulizia bei ya wakati huo kabla hujaondoka na uibebe mkononi kwa euro, noti safi zisizochanika. Kila mtoto na pasipoti yake iwe na zaidi ya miezi 6, na kadi za homa ya manjano bebeni zote, ni karatasi tu haina uzito.

Hela yao ni faranga ya Komoro, imefungwa kwa euro, euro 1 ni kama faranga 492, haipandi haishuki, ukizoea kugawa kwa mia tano hesabu za sokoni zinakuwa nyepesi. Kadi ya benki isahau ukitoka Moroni, na hata Moroni mashine ni chache, siku nyingine hazitoi. Sisi tulibeba euro taslimu tukazigawa mafungu matatu, kwangu, kwa baba watoto, na fungu la dharura kwa mama mkwe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Halafu soketi. Kule ni zile za matundu mawili ya duara kama za Ufaransa, plagi yetu ya miguu mitatu haiingii. Nunua adapta mbili Kariakoo kabisa. Umeme unakatika, beba pawabenki na tochi za kichwani, za kichwani jamani sio za simu, maana ukiwa umemshika mtoto mkono mmoja na ndoo mkono mwingine simu utaishika na nini.

Hatua ya tatu: fundisheni watoto kuvuka barabara upya

Hili nimeliweka peke yake kwa makusudi. Kule magari yanapita kulia, ndo alivyoacha Mfaransa. Watoto wetu wamezoea kuangalia kulia kwanza, Moroni ukiangalia kulia kwanza gari linakuja kushoto kwako. Mwanangu mdogo alishusha mguu barabarani karibu na soko la Volo Volo, ameangalia vizuri kabisa kama alivyofundishwa shuleni, upande usio, bibi yake akamdaka kola ya shati na taksi ikapita pale pale. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu anatetemeka vile. Kuanzia hapo kila barabara tulikuwa tunasema kwa sauti wote "kushoto, kulia, kushoto" na mkono haujaachiwa. Fanyeni mazoezi nyumbani wiki moja kabla, igeuzeni mchezo sebuleni.

Hatua ya nne: anzeni kaskazini, sio Moroni

Watu wengi wakitua wanakimbilia Moroni kwa kuwa ni mji mkuu. Mi nakwambia geukeni upande wa pili. Uwanja uko katikati ya Moroni na Mitsamiouli, na kaskazini ndo kwenye bahari ya watoto. Kodi gari na dereva, bei mpatane ya siku nzima na mafuta ndani yake kabla hamjapanda. Taksi za kuchangia zipo na ni za bei nafuu ila mkiwa sita na mabegi ni mateso.

Njiani tu watoto wataiona volkano bila kupanda mlima. Lava ya zamani imeshuka mpaka baharini, nyeusi tii kama mkaa, na pembeni yake maji ya kijani yanang'aa, na kuna mibuyu imesimama humo humo. Simamisheni gari waguse. Lava ina makali, mwanangu wa kati aliteleza akaweka goti mara moja tu likachanika kama amepigwa msasa, kwahiyo sheria yetu ikawa kandambili hazishuki kwenye gari. Raba kwa nchi kavu, yeboyebo zenye mkanda wa nyuma kwa majini, kwa sababu kwenye mawe mna wale wadudu wa baharini wenye miiba mirefu myeusi na mwiba wake ukivunjikia mguuni siku hiyo imeisha.

Mitsamiouli pana mchanga mweupe na ufuo mrefu, Maloudja iko karibu na pana kivuli, na pale panapoitwa Shimo la Mtume pameingia ndani kama mfuko, maji yanatulia. Uliza saa za maji kujaa na kupwa, kila mvuvi anazijua. Sisi tulikuwa majini saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 4, tunarudi kula na kulala, tunatoka tena saa 10. Saa 6 mchana mchanga mweusi, kwenye fukwe zenye mchanga mweusi, unaunguza nyayo kweli kweli sio maneno, mtoto anasimama katikati analia hajui akimbilie wapi.

Siku ya tatu nendeni ziwa la chumvi, Niamawi, ni shimo la volkano lililojaa maji karibu kabisa na bahari, na rangi yake inabadilika kadri jua linavyosogea. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba hapo palikuwa na mji, akapita mgeni akaomba maji ya kunywa akanyimwa, mji ukazama. Watoto wangu walikaa kimya. Yule wa kati akasema, "Kwahiyo shangazi alivyonichotea kata ile..." hakumalizia. Kingo zake ni mwinuko mkali, mdogo ashikwe mkono muda wote, na hakuna kuogelea. Mkiendelea kidogo mpaka Ivoini mtaona ule mwamba wanaouita mgongo wa joka, meno meno juu ya kilima, mwendo wake ni mfupi na bibi alifika.

Hatua ya tano: hesabu ya maji

Sisi tulipima lita 3 za kunywa kwa mtu mzima kwa siku, 2 kwa mtoto, yaani familia yetu lita 15 kila siku. Tulinunua maboksi ya maji Moroni kupitia dereva hata kabla hatujafika kaskazini, vijijini duka linaweza kuishiwa. Maji ya birika ni ya kuoga na kupikia, ya kunywa chemsheni. Na muogeshe watoto kwa ndoo na kopo, shawa hata kama ipo isiachwe inamwagika, maji yale ni akiba ya mwenye nyumba ya miezi na mvua inayofuata haina tarehe.

Novemba 2005 Karthala, ile volkano ya kisiwa, ililipuka ikamwaga jivu vijijini na lile jivu likaingia kwenye mabirika, maji ya kunywa yakaharibika kwa watu wengi mno, ikabidi wasambaziwe mengine. Mama mwenye nyumba alitusimulia jinsi asubuhi yake ilivyokuwa, bati limekuwa la kijivu, kuku wa kijivu, majani ya mgomba yamelala kwa uzito. Ukishasikia hivyo kutoka kwa mtu aliyeteka kwenye birika hilo hilo, watoto hawahitaji kuambiwa mara mbili wafunge bomba.

Hatua ya sita: mlima

Karthala ni mita 2,361 na iko hai, imelipuka 1991, mara mbili 2005, 2006 na mwanzoni mwa 2007. Kileleni kuna bonde la shimo lenye upana wa kilomita kadhaa. Mwaka 1977 lava ilitoka ubavuni upande wa kusini magharibi ikaimeza sehemu ya kijiji cha Singani, na ukipita Singani leo bado unaiona imekaa katikati ya makazi, hilo ndo darasa zuri kuliko lote na halihitaji kupanda chochote.

Swali kila mzazi analouliza ni watoto wapande au wasipande. Maoni yangu, na nayasimamia: chini ya miaka 12 hapana. Ni saa 6 mpaka 8 za kupanda, maji hakuna njia nzima, na mkishafika bado kuna kushuka. Mtoto akichoka katikati hamna gari la kumfuata. Tuligawanyika. Baba watoto na mkubwa wetu walipanda wakalala juu usiku mmoja, mimi na bibi na wadogo tukabaki tukafanya yetu.

Wanaopanda wafanye hivi. Kwanza ulizieni hali ya mlima Moroni, kuna kituo cha kuangalia volkano chini ya CNDRS, taasisi ya utafiti ya Komoro ambayo ndo hiyo hiyo yenye makumbusho, kama kuna tahadhari yoyote mnaahirisha na hakuna mjadala, maana hatari sio lava peke yake, mwaka 1903 watu 17 walikufa kwa gesi tu. Pili chukueni mwongoza njia wa kijiji cha njia mnayopandia, ukungu ukishuka baada ya saa 6 mchana njia inapotea mbele ya macho yako. Tatu maji lita 5 kwa kichwa kwa siku hizo mbili, jaketi zito, kofia ya sufu, soksi kavu za kulalia. Hapo ndo watu wa pwani tunakosea, tunaenda kisiwa cha joto na fulana, mwanangu alinipigia simu alfajiri toka juu mtandao uliposhika akaniambia mama mdomo unagongana siwezi hata kuongea vizuri lakini nimeliona shimo, ni la kijivu lote na linatoa moshi mwembamba pembeni. Alikuwa analia kidogo, nikamwacha alie. Nne muondoke alfajiri, saa 11 muwe mnatembea.

Wanaobaki wana mlima wao. Tulipanda na gari mpaka Mvouni juu ya Moroni, hapo tayari hewa imebadilika, tukatembea saa moja na nusu kwa mwendo wa mtoto wa miaka 5 kati ya migomba na mikarafuu, tukiokota mawe na kuyarudisha. Ile harufu tamu mtakayoisikia ni langilangi, Komoro ni wazalishaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta yake na ndo yanaingia kwenye manukato ya Ulaya. Bibi aliweka maua yake kwenye mtandio akashinda nayo.

Hatua ya saba: Moroni siku mbili zinatosha

Mji mkongwe asubuhi na mapema, ule msikiti wa Ijumaa wa bandarini wenye matao meupe ambao ulianza kujengwa 1427, vichochoro vyake aliyetembea Mji Mkongwe wa Unguja atajisikia yuko nyumbani. Makumbusho ya CNDRS msiikose, wana gombessa, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka akapatikana Afrika Kusini 1938, na wa pili akavuliwa hapa Komoro 1952, wakati wavuvi wa hapa walikuwa wanamjua kitambo na jina wameshampa. Mwanangu mdogo alibandika uso kwenye kioo. Jioni Itsandra, bichi ya karibu, na hapo mama mkwe alitaka kukaa tu, kwa sababu Sayyid Ahmed bin Sumeit aliyekuja kuwa kadhi Zanzibar alizaliwa Itsandra 1861 na babu yake bibi alisoma kwa wanafunzi wake. Kama ukoo wenu una Wangazija, na Unguja na Dar wapo wengi, ulizeni wazee majina ya miji kabla ya kuondoka.

Adabu, ambayo ndo tiketi ya kila mlango

Kingazija ni ndugu wa Kiswahili ila sio kitu kimoja, maji ni madji, watu watakuelewa nusu na wewe utawaelewa nusu. Fundisha watoto neno moja kwanza: kwezi. Ni kama shikamoo, mdogo anamwamkia mkubwa, naye anajibu mbona. Na marahaba kwao ni asante. Wetu walicheka siku nzima ya kwanza kila wakipewa kitu wanasema marahaba, wanajiona wameamkiwa. Lakini watoto watatu wakipita bangwe, ule uwanja wanapokaa wazee, na kila mmoja akasema kwezi, jamani, tulikaribishwa hadi tukashindwa kula.

Kuogelea vaa fulana na leso au kaptula ndefu, ufuo wa kijiji ni uwanja wa kijiji. Picha omba. Kina mama wenye msindzano usoni ni liwa ile ile ya kwetu, usiwakodolee kamera.

Chakula

Watoto wasumbufu hawapati shida. Mataba ni kisamvu cha nazi, pilau ipo, ndizi mbichi za nazi, samaki kila siku. Kilichotuteka ni mkatra futra, mama mwenye nyumba aliukanda unga na nazi jioni, asubuhi akautandaza kwenye chuma cha moto kwa vidole alivyolowesha, akanyunyiza ufuta, ukaanza kupasuka pasuka na kunuka, na watoto wamejipanga na sahani kuanzia saa 12. Putu ni pilipili, na ni pilipili kweli, onjeni kwa ncha ya kijiko.

Vitu ambavyo singefanya

Kuna boti ndogo zinatoka Chindini kwenda Mwali, kisiwa chenye kasa wanaopanda kutaga Itsamia usiku. Mwali ni pazuri mno. Lakini boti zile na watoto wakati wa kusi, hapana, subirini ndege ndogo au muiache kwa safari nyingine. Singemwacha mtoto bila neti hata usiku mmoja, malaria ipo, ongeeni na daktari kuhusu dawa za kinga wiki kadhaa kabla. Na singeenda bila boksi la dawa lililokamilika: ORS paketi 10, panadol ya maji, dawa ya vidonda, bandeji, kibanio cha kutolea miiba, vipimo vya malaria vya haraka, maana mkiwa kaskazini usiku hospitali kubwa iko mbali.

Mabegi ya kurudi wekeni nafasi ya vanila, nunueni yenye mafuta inayopindika bila kukatika, ifungwe kwenye nailoni mbili la sivyo nguo zote zitanukia keki. Mafuta ya langilangi yaende kwenye begi la chini. Mawe ya lava na makombe tuliyaacha, mdogo alikuwa na matatu mfukoni ikabidi arudi nayo ufukweni mwenyewe. Na mkishafika nyumbani, mwezi mzima wa kwanza, homa yoyote kwa mtoto au mzee mkapime malaria siku hiyo hiyo na mumwambie daktari mlikotoka.